Hofu iko mlangoni, hatari iko karibu na ardhi

Video za watu wanaojitupa kutoka kwenye ndege hazikauki kwenye magrupu ya WhatsApp, na kila moja ikifika vijiwe vya Mtwara na Lindi mabishano huanza upya. Huyu atasema hao wamechoka kuishi. Yule atasema pesa ndizo zinazowasumbua. Mwingine atauliza swali la maana zaidi: kama ni hatari kiasi hicho, mbona wanatua wakicheka? Na hatakosekana wa kuwaingiza makomandoo wa JWTZ wanaoshuka kwa miavuli siku za sherehe, akitaka kuonyesha kwamba ni suala la mafunzo tu.

Ndani ya mabishano hayo mambo matatu yamefungwa fundo moja: hatari, hofu na raha. Hatari ni uwezekano wa kuumia au kufa, na inaweza kuhesabiwa. Hofu ni mwili kujiandaa kwa balaa unaloliona au kulifikiria, na mwili hausubiri hesabu. Raha hufuata nyuma, na sehemu yake kubwa hutokana na hofu hiyo hiyo. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba katika mchezo huu hofu na hatari hazikai mahali pamoja. Hofu hufika kileleni mlangoni mwa ndege. Hatari kubwa husubiri mita mia moja za mwisho, wakati parashuti imeshafunguka vizuri na mrukaji ameshaanza kutabasamu.

Askari na raia

Kwanza tuwatenganishe. Askari wa miavuli anayepelekwa vitani huruka kutoka kimo cha chini, mita mia tatu au nne hivi, na parashuti yake hufunguliwa na mkanda ulionaswa ndani ya ndege. Haanguki huru hata kidogo. Mwavuli wake kwa kawaida ni wa duara, na kazi yake ni kumfikisha chini upesi yeye na mzigo wake. Wale wanaotua katikati ya uwanja na bendera hutumia parashuti ya mstatili inayoongozwa kama ya raia, na nyuma yao kuna mazoezi ya miaka.

Raia anayeruka kwa burudani ana njia mbili. Anaweza kuruka kwa jozi: anafungwa mbele ya kifua cha mwalimu, parashuti ni moja kubwa ya kubeba wawili, na mwalimu ndiye anayefanya kila kitu. Au anaweza kuingia kozi, akaruka na parashuti yake mgongoni huku walimu wawili wamemshika pembeni, baadaye mmoja, mwisho peke yake. Karibu video zote za wageni wanaopiga kelele ni za jozi. Mtindo huo si wa zamani. Ulianza Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kazi ya watengenezaji wa parashuti Ted Strong na Bill Booth. Kwa pwani yetu hii, jina linalotajwa sana ni Diani, Kenya.

Kuanguka kwenyewe kulivyo

Ndege hupanda kwa dakika 15 hadi 20 mpaka mita 3,000, au 4,000 na ushee. Aliyejiachia hapo huwa na kasi ya kilomita 35 hivi kwa saa ikipita sekunde ya kwanza, na karibu 100 ikipita ya tatu. Kufikia sekunde ya kumi au ya kumi na mbili, kasi inagota kwenye kilomita 190 hadi 200 kwa saa na haiongezeki tena. Kinachoizuia ni hewa. Aliyepanda bodaboda kutoka Mikindani kwenda Mtwara mjini anajua upepo unavyomsukuma kifuani dereva akikolea hadi 80. Nguvu hiyo haikui sawasawa na mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Kwa hiyo kwenye 200 hewa inasukuma zaidi ya mara sita ya ilivyosukuma kwenye ile bodaboda, na hapo msukumo unalingana na uzito wa mtu. Uzito unavuta chini, hewa inasukuma juu, na mwendo unabaki pale pale.

Ndiyo maana warukaji husema hawakuhisi kuanguka. Lile shituko la tumbo kupanda kooni, ambalo wengi ndilo wanaloliogopa, karibu halipo, kwa sababu ndege yenyewe inakwenda zaidi ya kilomita 130 kwa saa na upepo unampokea mtu mlangoni. Anachohisi ni kulalia hewa nzito yenye kelele nyingi. Kutoka mita 4,000 hadi 1,500, ambako parashuti ya jozi hufunguliwa, ni kama sekunde 50.

Hapa kuna dhana tatu potofu za kuondoa. Ya kwanza ni kwamba huwezi kupumua. Hewa ipo, ingawa kwenye mita 4,000 msongamano wake ni mdogo, kama theluthi mbili tu ya ule wa usawa wa bahari. Anayeshindwa kupumua huwa amekaza mwili na kubana pumzi bila kujua. Dawa ya walimu ni rahisi: piga kelele. Ukipiga kelele unatoa hewa, na ukishaitoa mwili utavuta nyingine.

Ya pili ni ile ya video, ambapo parashuti ikifunguka mtu anaonekana kupaa juu kama amevutwa na kamba. Hapai. Anapunguza mwendo tu, huku mpiga picha aliye mbele yake akiendelea kuanguka kwa kasi ile ile. Ya tatu huwatisha watu bure: kitambaa kidogo kinachopepea juu ya jozi wakati wanaanguka. Watazamaji hudhani ndiyo parashuti imegoma kufunguka. Kumbe ni parashuti ndogo ya kuzuia mwendo, ambayo mwalimu huirusha sekunde chache baada ya kutoka. Watu wawili wana uzito wa wawili, lakini eneo la kukinga hewa ni kama la mmoja, na bila kitambaa hicho wangeanguka kwa kasi kubwa mno kwa parashuti kufunguka salama.

Parashuti ikigoma

Hili ndilo swali la kwanza la kila mtu. Kwenye begi la mgongoni kuna parashuti mbili. Kubwa hukunjwa baada ya kila mruko. Ya akiba hukunjwa na fundi mwenye leseni, akaifunga kwa lakiri. Kwa sheria ya Marekani lazima ifunguliwe, ikaguliwe na kukunjwa upya kila siku 180 hata kama haijatumika.

Kubwa ikikataa, mrukaji anayeruka peke yake ana vishikio viwili. Cha kulia, ambacho kwa kawaida ni chekundu, huitupa parashuti mbovu. Cha kushoto hufungua ya akiba. Mpangilio huo lazima ufuatwe, kwa maana ya akiba ikifunguliwa wakati mbovu bado inazunguka juu, zinaweza kusokotana. Anafundishwa kukitazama kishikio cha kulia na kukishika, kutazama cha kushoto, kuvuta cha kulia mpaka mwisho, kisha cha kushoto. Zoezi hilo hurudiwa chini mpaka mikono ifanye yenyewe, kwa sababu angani akili iliyojaa hofu haifikirii vizuri.

Kinachowezesha kuitupa parashuti kwa mvuto mdogo wa mkono ni pete tatu za chuma zilizopitishana, kubwa, ya kati na ndogo, seti moja kila bega, alizobuni Bill Booth katika miaka ya 1970. Kila pete inapunguza mzigo unaofika kwenye inayofuata, mpaka uzito wote wa mtu unazuiliwa na kijikamba chembamba. Ukivuta waya unaopita kwenye kijikamba hicho, pete zinaachiana. Mikanda mingi ina pia utepe unaounganisha parashuti kubwa na pini ya ile ya akiba, ili kubwa ikiondoka iifungue nyingine.

Na kama mtu amezimia, au amesahau kabisa? Ndani ya begi kuna kompyuta ndogo inayopima mgandamizo wa hewa. Ikiona mrukaji amefika kama mita 225 kutoka ardhini na bado anaanguka kwa kasi ya hatari, inakata uzi unaofunga parashuti ya akiba. Kwa jozi hupangwa kufanya hivyo juu zaidi, karibu mita 580. Kifaa cha aina hii kilicholeta mabadiliko ni CYPRES cha kampuni ya Airtec ya Ujerumani, kilichoingia sokoni mwaka 1991.

Si kila kasoro ni ya kutupa parashuti. Kamba kujisokota baada ya kufunguka ni jambo la kawaida. Mrukaji hupiga mateke kujizungusha upande wa pili mpaka zinyooke. Kitambaa kinachoshuka kwenye kamba ili parashuti isifunguke kwa kishindo kinaweza kukwama juu, na breki, yaani kamba mbili za kuongozea parashuti, zikivutwa mara mbili tatu hushuka. Lakini parashuti isiyojaa hewa, au inayozunguka bila kutii, haibembelezwi. Mwanafunzi huwekewa mpaka: ikifika mita 760 hivi awe ameamua na kutenda. Kiini cha vifo vingi vya zamani hakikuwa kukosa akiba. Watu waliendelea kuhangaika na parashuti mbovu wakisahau kwamba ardhi inakuja.

Hesabu za vifo na namna ya kuzisoma

Chama cha warukaji cha Marekani, USPA, hutoa hesabu kila mwaka. Mwaka 2023 kilihesabu vifo 10 katika miruko inayokadiriwa kuwa milioni 3.65, yaani kifo kimoja kwa kila miruko 365,000. Katika miaka ya 1970, miruko ikiwa michache zaidi, vifo vilikuwa zaidi ya 40 kwa mwaka. Vifaa na mafunzo vimefanya kazi kubwa.

Lakini namba hiyo isomwe kwa uangalifu. Ni ya mruko mmoja. Anayeruka mara 200 kwa mwaka anaubeba uwezekano huo mara 200, na kwake unakuwa kama 1 kati ya 1,800 kwa mwaka, jambo ambalo si dogo. Mgeni wa jozi anaruka mara moja, na rekodi ya jozi ni nzuri kuliko wastani. Pia haihesabu vifundo vya miguu vilivyoteguka wala migongo iliyoumia. Na ni hesabu ya nchi yenye ukaguzi mkali. Kuichukua na kuibandika kwenye kituo chochote duniani ni kujidanganya.

Hatari ilipohamia

Kompyuta ya akiba na pete tatu zimeyapunguza sana mauti ya parashuti kutofunguka. Sehemu kubwa ya vifo vinavyobaki huwapata watu wenye uzoefu wao, chini ya parashuti nzima isiyo na kasoro yoyote. Ninavyoona, hili ndilo jambo muhimu kuliko yote katika mada hii, na ndilo lisilosemwa vijiweni.

Parashuti ya siku hizi si mwavuli wa kuteremkia tu. Ni bawa la kitambaa lenye vyumba vinavyojaa hewa, na linaruka. Linashuka mita tano hivi kwa sekunde huku likienda mbele kwa kilomita 35 au 40 kwa saa, na madogo ya wazoefu huenda kasi zaidi. Ukivuta breki ya upande mmoja, bawa linainama, linapiga mbizi na kuongeza kasi, na wewe uliye chini yake unarushwa nje kwa upande. Ili lirudi sawa linahitaji nafasi ya makumi ya mita. Ukiwa juu hakuna neno. Ukiwa mita thelathini, ardhi inakukuta katikati ya mbizi. Ile kompyuta haitakusaidia: parashuti imefunguka, mwendo haujafika kiwango chake, na hata ingefungua akiba hakuna tena nafasi ya kujaa hewa.

Wengine hupiga kona hiyo makusudi, kutafuta kasi ya kuteleza juu ya nyasi. Wengine ni mshtuko: mtu anaona mnazi mbele, au anagundua upepo unamsukuma mgongoni, na mkono unavuta kabla akili haijasema. Kanuni wanayofundishwa ni kwamba ni heri kutua bawa likiwa sawa na upepo ukiwa nyuma, ukabingirika na kuchubuka, kuliko kukata kona chini. Kwenye mita tatu au nne breki zote mbili huvutwa pamoja, bawa linapunguza mwendo na miguu inagusa taratibu. Aliyevuta mapema akajikuta bado yuko juu asiziachie, kwa sababu bawa litachupa mbele na kumpiga chini. Azishikilie pale pale, abane miguu pamoja na kujiandaa kubingirika.

Booth mwenyewe aliliona tatizo hili: kadiri vifaa vinavyozidi kuwa salama, ndivyo warukaji wanavyozidi kujiongezea hatari kwa namna nyingine. Usemi wetu wa kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio unawafaa hawa kuliko mgeni anayetetemeka mlangoni.

Kwa nini basi wanacheka?

Mgeni akiwa mlangoni, miguu inaning'inia, mwili wake haujui habari za pete tatu. Macho yanaona shimo, na adrenalini inamwagika: moyo unakimbia, mdomo unakauka, mikono inatoa jasho. Wengi hawakumbuki kabisa sekunde tano za kwanza, kwa kuwa akili imepokea mengi kuliko inavyoweza kuhifadhi. Dakika tano baadaye yuko chini ya kitambaa kilichotulia, kimya, hatari imepita na kemikali bado zimo mwilini. Mwaka 1974 wanasaikolojia Richard Solomon na John Corbit waliwatumia waruka miavuli kueleza nadharia yao kwamba hisia kali huamsha kinyume chake: hofu ikiondoka ghafla, kinyume chake kinabaki peke yake kwa muda. Ndicho kile kicheko, maneno mengi na kukumbatia watu usiowajua. Na mtu akirudia, hofu hupungua huku raha ikidumu zaidi.

Hofu ya wazoefu nayo haipotei, ila inahama. Wanasaikolojia Walter Fenz na Seymour Epstein, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1967, walipima mapigo ya moyo, upumuaji na jasho la ngozi kwa warukaji. Kwa wageni vipimo vilipanda moja kwa moja mpaka wakati wa kuruka. Kwa wazoefu vilipanda mapema, kisha vikashuka kadiri mlango ulivyokaribia. Wameogopa mapema na kuimaliza hofu kwa kukagua mikanda, kusoma upepo na kurudia hatua za dharura, kwa hiyo wakifika mlangoni mikono iko huru kufanya kazi. Asiyeogopa kabisa hatafutwi kama mwenzi wa kuruka, maana ndiye anayesahau kukaza mkanda wa paja.

Kama ingekuwa huku kwetu

Mtu akitazama mchanga wa Msimbati au Mikindani anaweza kudhani ni mahali pa kutua tu. Kinachoamua ni upepo. Kusi ikikaza katikati ya mwaka, siku nyingi zingefutwa: kanuni ya USPA humzuia mwanafunzi anayeruka peke yake upepo wa chini ukizidi kilomita 22 hivi kwa saa. Mchana upepo wa bahari huongezeka, ndiyo maana vituo vya pwani hupenda asubuhi. Bahari yenyewe ni hatari ya pekee. Kitambaa na kamba vikimfunika mtu majini, kujua kuogelea hakutoshi, na anayeruka karibu na maji huvaa jaketi la kuelea. Pembeni kuna minazi na mikorosho, na nyuma ya kila mti hewa hutibuka na kuikunja parashuti kwenye mita za mwisho. Na kwa vile anga na ndege za Tanzania husimamiwa na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kituo halali hakiwezi kurusha watu kwa makubaliano ya mdomo na rubani.

Ukienda kuruka kwa jozi popote, usione haya kuuliza. Akiba ilikunjwa lini, na karatasi yake iko wapi? Kompyuta imewashwa? Leseni ya mwalimu ni ya jozi, au ya kuruka peke yake? Kama kuna mwalimu anayekasirishwa na maswali hayo, ondoka. Mikanda ya mapaja ikazwe mpaka ikubane kidogo ukisimama, na hesabu viungio vinne vya kukufunga kwa mwalimu, viwili mabegani na viwili nyongani. Mlangoni kichwa kinarudishwa nyuma begani kwake, mikono kifuani, miguu chini ya ndege. Wakati wa kutua kazi yako ni moja tu: inua magoti na nyoosha miguu mbele mpaka mmekaa chini. Wageni wengi wanaovunjika kifundo hushusha miguu wakitaka kusimama.

Vituo vingi huweka kikomo cha uzito karibu na kilo 100. Shinikizo la damu lisilodhibitiwa, ugonjwa wa moyo, kifafa, ujauzito na mgongo uliofanyiwa upasuaji ni sababu za kubaki chini, au za kwenda kwa daktari kwanza. Sema ukweli kwenye fomu. Una haki ya kughairi mpaka mlangoni, hata kama rafiki ndiye aliyelipa, na mwalimu mzuri hatakusukuma.

Kuna tahadhari moja zaidi kwa wanaozamia na mitungi Mnazi Bay. Mzamiaji hutoka majini na naitrojeni mwilini, na akipanda kwenye mita 4,000 ndani ya ndege isiyo na mgandamizo, naitrojeni hiyo inaweza kutengeneza mapovu kwenye damu na viungo. Mwongozo wa wazamiaji kwa safari za ndege ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mzamio mmoja wa kawaida na 18 baada ya mizamio kadhaa. Kwa kuruka, sehemu nyingi hudai saa 24 kamili, kwa hiyo panga kuruka kwanza na kuzamia baadaye.